Tawakali Bila Mafunzo: Nani Anamfundisha Matroni, Mpishi na Mlinzi?



 



Kila likizo ikikaribia tunapokea barua za semina. Semina ya tajwidi, semina ya walimu wa Qur'ani, semina ya wakuu wa madrasa. Tunashukuru, na sisi wenyewe tumefaidika nazo. Lakini kwa miaka yote tuliyofundisha hapa Nyamirambo, hatujaona barua hata moja inayomwita mpishi, mlinzi, dereva au matroni wa bweni. Hawa tunawaajiri leo jioni na kesho alfajiri wameshika kazi. Mtu anakabidhiwa watoto 60 usiku kucha, anapewa tochi na rundo la funguo, kisha anaambiwa: "Mtegemee Allah."

Tuseme wazi. Huo ni uzembe uliovishwa kanzu ya tawakali.

Tumeshika nusu, tumeacha nusu

Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amuajiri Nabii Musa (A.S.), akataja sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa: awe mwenye nguvu na awe mwaminifu. Na wanavyuoni wametueleza kuwa nguvu ya kila kazi ni ule uwezo wa kuitenda kazi hiyo inavyotakiwa.

Sisi tumeshika uaminifu peke yake. Tukitafuta matroni tunauliza: Anaswali? Ametoka kwa nani? Nani anamdhamini? Ni maswali mema. Lakini hatumuulizi atafanya nini mtoto akianguka kifafa, wala hatumfundishi. Tumemtaka mwaminifu, tukasahau kumpa nguvu.

Usiku ambao hatujausahau

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya bweni, ambayo hatutaitaja. Usiku mmoja, kabla ya Isha, mtoto wa miaka tisa alianguka akaanza kutetemeka mwili mzima. Matroni, mama mcha Mungu aliyewapenda wale watoto kama wake, alikimbilia kijiko akakiingiza baina ya meno ili mtoto asijing'ate ulimi. Mwingine akamkandamiza miguu. Na sisi walimu tulisimama pembeni tukisoma Ayatul Kursiy, maana hatukujua zaidi ya wao.

Mtoto alipona, Alhamdulillah, lakini jino lilivunjika. Kesho yake mzazi alikuja akiwa na hasira, na haki yake. Siku alipomwandikisha mwanawe alikuwa ameleta barua ya daktari kueleza maradhi yale. Barua ilikuwa kwenye saraka ya ofisi. Matroni hakuambiwa.

Kamati ilikaa, ikamfukuza matroni. Na sisi tuliokuwa kwenye kikao kile tulinyamaza. Hatukuuliza nani alimfundisha, wala nani aliificha barua. Tulimwadhibu mtu kwa kutojua jambo ambalo ilikuwa wajibu wetu kumjulisha. Hiyo ni dhulma, nasi tunamuomba Allah atusamehe, na tunamuomba yule mama msamaha popote alipo.

Aliyopaswa kuyajua hayazidi somo la saa moja: mgeuze mtoto alale ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimkandamize, usitie chochote mdomoni, tazama saa. Akipita dakika tano bado anatetemeka, apelekwe hospitali. Ayatul Kursiy isomwe, hakuna anayeikataza. Lakini aliyeamrisha dua ndiye aliyeamrisha sababu.

Moto haungoji

Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwamo. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa, aliwaambia sahaba kuwa moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime kila wanapokwenda kulala. Tazameni: hakuishia kuwapa pole, aliwafundisha la kufanya.

Sisi tumepewa mafunzo mangapi? Septemba 2020, watoto 10 walifariki bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu lilipoungua usiku huko Kyerwa, ng'ambo tu ya Mto Kagera kutoka huku kwetu Rwanda. Oktoba 2022, watu 11 walikufa kwa moto katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono, Uganda. Septemba 2024, wavulana 21 walikufa katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, Kenya. Allah awarehemu wote waliofariki na awape subira wazazi wao. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Tunaandika ili kila kamati ijiulize usiku wa leo: mlango wa bweni letu unafunguka kuelekea nje? Madirisha yana nondo? Ufunguo uko kwa nani, na huyo mtu analala wapi? Kenya iliandika tangu 2008, katika mwongozo wake wa usalama wa shule, kuwa milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na nondo. Lakini mwongozo uliofungiwa kabatini hauokoi mtu. Anayeokoa ni mlinzi aliyefanyishwa mazoezi, na mpishi anayejua kuwa mafuta yakiwaka sufuriani hayamwagiwi maji, bali hufunikwa kwa kifuniko na moto wa chini ukazimwa.

Majibu ya wanaotupinga

Wanasema: hakuna pesa. Mahafali yaliyopita tulikodi hema, viti, vipaza sauti na mpiga video, tukachapisha mabango yenye picha za wageni rasmi. Pesa zilipatikana. Zilizokosekana ni za mpishi aliyewapikia wageni hao.

Wanasema: hao ni watu wa kazi tu. Subhanallah! Alipokufa aliyekuwa akifagia Msikiti wa Mtume (S.A.W.), watu walimdogosha, wakamzika bila kumjulisha Mtume. Akamuulizia, akalalamika kwa nini hakuambiwa, akaenda kaburini kumswalia. Sisi ni nani hata tumdharau anayefagia madarasa yetu? Na katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.) tumefundishwa kuwa wanaotutumikia ni ndugu zetu, tusiwatwishe wasiloliweza, na tukiwatwisha tuwasaidie. Kumpa mtu watoto 60 bila mafunzo ni kumtwisha asiloliweza. Kumfundisha ndiyo kumsaidia.

Wanasema: wakishafundishwa watahama. Wahame! Akiokoa mtoto wa shule nyingine, thawabu yenu haijapotea. Na akibaki hapo miaka kumi bila kujua kitu, je, hiyo ndiyo faida mnayoitafuta?

Tunalolitaka

Kamati zitenge siku tatu kila likizo kwa wafanyakazi wasio walimu, na siku hizo walipwe kama za kazi. Waiteni Msalaba Mwekundu wawafundishe huduma ya kwanza, na kikosi cha zimamoto cha Polisi kiwafundishe kuzima moto na kuwatoa watoto bwenini. Taarifa za maradhi ya mtoto zimfikie matroni siku hiyo hiyo, na wajue wote namba 112 ya Polisi na 912 ya ambulansi.

Wazazi, mnapokwenda kuandikisha watoto msiulize tu wamehifadhi juzuu ngapi. Muulizeni mkuu: matroni wenu alifundishwa lini? Akibabaika, mmeshajua. Nanyi wanafunzi, mjue jina la anayewapikia, na mumsalimie kama mnavyotusalimia sisi.

Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo hatutaweza kumsukumia mpishi swali lililokuwa letu.