Uhandisi Huanzia Kidato cha Pili

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yatangazwapo, swali lile lile huzuka katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba na Bara: je, kijana wetu ataweza kuingia chuo cha uhandisi? Wazee huishika karatasi ya alama, wakamwita mwalimu aliye jirani, wakaanza kujumlisha. Alama A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Kanuni ya Tume ya Vyuo Vikuu yamtaka mwombaji awe amefaulu barabara masomo mawili yanayohusika, na jumla ya pointi zake isipungue 4. Kwa uhandisi masomo hayo aghalabu ni Fizikia na Hisabati ya Juu, na Kemia nayo huangaliwa.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila inafanywa ikiwa imechelewa miaka minne.

Kwanza, pointi 4 ni ruhusa ya kuomba tu. Aliyepata D mbili anaruhusiwa kupanga foleni, lakini mbele yake wamesimama wenye A na B, na nafasi katika fani zinazogombewa zina kikomo. Mzazi asimpongeze mwanawe kwa nafasi ambayo hajaipata. Pili, na hili ndilo linalotusumbua zaidi, wako vijana wengi wenye akili ya uhandisi ambao hawakufika hata kwenye foleni hiyo, na hakuna daftari la chuo chochote linaloonyesha kwamba walikataliwa.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho yake na aende Morogoro. Chini ya Milima ya Uluguru ziko shule mbili za Serikali za wanafunzi wenye vipaji maalumu: Kilakala ya wasichana, pale mjini, na Mzumbe ya wavulana, upande wa barabara ya Iringa. Mwanafunzi wa shule hizo asomaye Fizikia, Kemia na Hisabati akisema anataka kuwa mhandisi, hakuna anayemshangaa. Walimu wanaijua njia hiyo, na ndugu zake waliomtangulia wamekwisha kuipita. Lakini si mbali na Mzumbe inaanza barabara ya kupandia Mgeta, na upande wa pili wa milima iko ile ya Matombo. Huko juu mambo ni mengine.

Msomaji wetu wa Pemba angefika Matombo asingejiona mgeni. Angekuta mikarafuu, mdalasini na pilipili manga, na wakulima wanaolalamikia bei kama tunavyolalamika sisi. Tumchukue binti mmoja wa huko, wa mfano tu, asiye wa shule yoyote tunayoitaja. Nyumbani amelelewa kwa Kiluguru. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Anaingia kidato cha kwanza anakuta Fizikia inafundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa somo hilo, kama yupo, ni mmoja kwa shule nzima. Hisabati anaiweza vizuri. Fizikia anaambulia alama ya aibu, kwa kuwa nusu ya mada hazikufundishwa. Akivuka kidato cha pili anaambiwa, kwa nia njema kabisa, kwamba yafaa aachane na sayansi asije akaharibu cheti.

Siku hiyo ndiyo aliyokosa chuo cha uhandisi. Ana miaka 15 au 16, na hakuna aliyemwambia.

Kwa miaka mingi imekuwa desturi mwanafunzi kuruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia aingiapo kidato cha tatu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Bara mwaka 2024 una mkondo wa jumla na mkondo wa amali tangu kidato cha kwanza, na kwa hiyo uamuzi mzito unazidi kusogea kwa watoto wadogo. Hatuupingi mkondo wa amali, maana taifa linahitaji mafundi. Tunalopinga ni mtoto kuchaguliwa njia na upungufu wa walimu, kisha ikaandikwa kwamba alichagua mwenyewe.

Itasemwa kwamba maabara zimejengwa. Ni kweli. Wananchi walichangishwa, na mwaka 2014 kila shule ya kata ilihimizwa imalize maabara zake tatu. Hatuna budi kuisifu juhudi hiyo. Lakini chumba chenye meza ndefu na bomba lisilotoa maji si maabara, na kufuli la mlangoni halifundishi mtu kupima mkondo wa umeme.

Kinachouma ni kwamba uhandisi wenyewe umewazunguka watoto hao. Maji ya Mto Ruvu, yanayonywewa Dar es Salaam, yanaanzia katika milima yao. Treni ya umeme iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024 inafika mguuni mwa milima hiyo. Wanaviona vyote, lakini hawaoni njia ya kuvifikia kwa kalamu.

Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza, yatuhusu nini visiwani? Elimu ya juu na Baraza la Mitihani la Taifa ni mambo ya Muungano. Karatasi ya Fizikia ya kidato cha sita inayofunguliwa Morogoro ndiyo ifunguliwayo Unguja na Pemba. Zaidi ya hayo, mlango umeletwa hadi uani kwetu. Tangu mwaka 2023 chuo mashuhuri cha teknolojia cha India, IIT Madras, kina tawi lake Bweleo, Unguja, la kwanza la vyuo hivyo kufunguliwa nje ya India. Ni fahari kubwa. Lakini chuo hicho huwachuja waombaji kwa mtihani wake na mahojiano, na mtihani hauulizi mtu amezaliwa wapi. Ikiwa watoto wa Micheweni na Makunduchi hawatafundishwa Hisabati na Fizikia mapema, watakuwa wakipita nje ya ukuta wa chuo hicho kama wapita njia wengine.

Serikali zetu ziliwahi kufikiri kwa mapana juu ya nani aingie chuo kikuu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kijana afanye kazi kwanza, na tabia yake kazini ipimwe pamoja na cheti chake. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake na umekwisha kuachwa, hatuombi urudi. Tunakumbusha tu kwamba kumpima mwanafunzi kwa zaidi ya pointi si jambo geni nchini. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, kimewahi kuwapa wasichana waliopungukiwa kidogo mafunzo ya awali, wakaingia uhandisi baada ya kuyafaulu. Mafunzo ya namna hiyo yapaswa kuwafikia pia wanafunzi bora wa shule za milimani na visiwani.

Na wazazi waelezwe njia ya pili. Kijana aliyefaulu masomo ya sayansi kidato cha nne aweza kwenda Taasisi ya Karume pale Mbweni, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, au Chuo cha Ufundi Arusha, akasoma stashahada kwa miaka mitatu, na akipata wastani wa 3.0 akaomba shahada. Wengi huiona njia hii kuwa ya walioshindwa. Wanakosea sana, mhandisi aliyeshika spana kabla ya kushika shahada hana hasara yoyote.

Lakini njia zote mbili zinapita katika Fizikia. Kwa hiyo ombi letu kwa maofisa wa elimu wa Morogoro, Unguja na Pemba ni dogo na halihitaji bajeti mpya. Kabla shule hazijafunguliwa Januari, kila wilaya ibandike ubaoni orodha ya shule zake za sekondari, na mbele ya kila jina iandikwe idadi ya walimu wa Fizikia waliopo. Mahali palipoandikwa sifuri, mwalimu wa shule jirani apangiwe siku mbili kwa wiki na alipwe nauli, na mwanafunzi yeyote wa hapo asiruhusiwe kuliacha somo hilo mpaka awe amefundishwa.