Waswidi, fungueni kabati

Gazeti la kila wiki lililochapishwa Stockholm mwaka 1930 lipo. Limejalidiwa, lina namba na tarehe, lina jina la aliyebeba dhamana ya kulitoa, na mkutubi anajua liko rafu gani. Kilichobaki ni wewe kulisoma, na hapo ndipo mambo yanapokwama. Uende mwenyewe maktaba, uagize, uletewe, usome ukiwa umeketi pale pale, ulirudishe kabla hawajafunga. Kama unaishi mbali, shauri yako.

Maktaba ya Kifalme ya Uswidi imeweka mtandaoni mamilioni ya kurasa za magazeti ya zamani, na kwa kazi hiyo tunaipongeza. Lakini mlango wake una kufuli la miaka 115. Gazeti lenye umri zaidi ya hapo, soma bure popote ulipo. Lenye umri mdogo, njoo maktaba. Piga hesabu mwenyewe. La mwaka 1930 linasubiri hadi 2045, na la 1950 hadi 2065. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi alipolisoma hilo la 1950 itabidi afikishe miaka 125 ndipo alisome tena akiwa sebuleni kwake. Na hayo ni magazeti ya habari. Majarida ya kila wiki na ya kila mwezi, yale yaliyosomwa jikoni na kwenye mabenchi ya vinyozi, mengi hayajapigwa hata picha.

Visingizio tumevisikia vya kutosha: hakimiliki ni ngumu, fedha hazitoshi, wenye haki ni wengi mno. Vingekubalika kwa nchi isiyojua kutunza karatasi. Kwa Uswidi havikubaliki, kwa sababu hakuna watu waliojitahidi kuliko hao kuhakikisha hakuna kinachopotea.

Tangu 1661 kila mpigachapa nchini humo aliagizwa kupeleka serikalini nakala mbili za kila alichochapa, moja ikaenda kwenye nyaraka za dola na nyingine kwenye maktaba ya mfalme. Nia haikuwa njema sana. Wakubwa walitaka kujua nani anachapa nini. Lakini agizo lile la kupeleleza likazaa ghala ambalo nchi nyingi zingelitamani. Sheria ya 1993 iliendeleza mtindo huo kwa kudai nakala saba za kila jarida, zigawanywe kati ya Maktaba ya Kifalme na maktaba za vyuo vikuu sita. Nakala saba! Mama mwenye nyumba anayenunua vyombo vya wageni seti saba, kisha akafunga kabati na kuficha ufunguo, jirani yake ana haki ya kumuuliza wageni wenyewe watakuja lini.

Wala si kwamba hawajui kilichomo. Mkutubi wa Maktaba ya Kifalme, Bernhard Lundstedt, kati ya 1895 na 1902 alitoa juzuu tatu zinazoorodhesha magazeti na majarida ya Uswidi kuanzia 1645 hadi 1899. Fungua ukurasa wowote utakuta jina la gazeti, siku toleo la kwanza lilipotoka, kiwanda kilichochapa, aina ya herufi, ukubwa wa karatasi, bei, nani alipewa kibali, na siku lilipokufa. Yamo magazeti yaliyotoa toleo moja la majaribio yakazimika, nayo yameandikwa kwa uangalifu ule ule kama makubwa. Mtu mmoja alikaa na rundo lote hilo akiwa na kalamu tu. Leo wenzake wana skana na kompyuta, wanatuambia kazi ni kubwa mno.

Katika rundo hilo kuna visa ambavyo kila mwandishi wa habari angepaswa kuvijua. Lars Johan Hierta alianzisha Aftonbladet mwaka 1830, wakati ambapo ofisa wa mfalme aliweza kulifuta gazeti kwa amri tu, bila kesi. Lilipofutwa 1835, Hierta alilitoa tena kwa jina la Aftonbladet Jipya. Likafutwa. Akaja na la tatu, kisha la nne, namba zikaendelea kupanda, kila mara kibali kipya na jina la mtu mwingine kwenye karatasi, huku wasomaji wakijua fika kwamba gazeti ni lile lile. Serikali ndiyo iliyochoka. Mamlaka hayo ya kufuta magazeti yaliondolewa katikati ya miaka ya 1840. Kisa hicho unaweza kukifuatilia toleo kwa toleo, namba kwa namba, kwa kuwa kila nakala ilitunzwa.

Na kabla ya hapo, mwaka 1766, nchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kutunga sheria ya uhuru wa uchapaji, iliyopiganiwa na mchungaji Anders Chydenius. Sheria hiyo ilimpa raia pia haki ya kusoma hati za serikali. Haki hiyo ipo mpaka leo. Mswidi anaweza kuiandikia wizara akaomba kuona barua waziri aliyoipokea jana, naye akaonyeshwa. Mswidi huyo huyo akitaka kuona mapishi ambayo bibi yake aliyakata kwenye gazeti la 1938, anaambiwa afunge safari. Mtu yeyote mwenye akili timamu anaona kwamba hapo kuna kitu kimekaa kichwa chini miguu juu.

Tusidhani majarida ni mabaki ya magazeti makubwa, vitu vya kupitishia wakati. Mwaka 1859 Sophie Adlersparre na Rosalie Olivecrona walianzisha jarida la nyumbani, Tidskrift för hemmet, na ndani ya kurasa zake wanawake wa Uswidi walijadili elimu na haki zao miaka mingi kabla hawajapata kura. Mwaka 1887 likaja Idun, jarida la wanawake la kila wiki. Mwaka 1890 Idun lilitangaza shindano la hadithi. Mwalimu wa shule mjini Landskrona, ambaye hakuwa anajulikana, alipeleka sura tano za kitabu alichokuwa hajakimaliza, akashinda. Kitabu kizima kilitoka 1891 kwa jina la Gösta Berlings saga. Mwalimu huyo alikuwa Selma Lagerlöf, ambaye mwaka 1909 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi, na baadaye sura yake ikawekwa kwenye noti ya krona 20. Ukimtafuta kwenye vitabu vya historia utamkuta amekwisha kuwa mkubwa. Ukitaka kumwona akibisha hodi, lazima urudi kwenye jarida.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Göteborg ililiona hilo, ikapiga picha matoleo ya Idun, ya Tidskrift för hemmet na ya majarida mengine ya wanawake, ikayaweka wazi. Kule Linköping, Lars Aronsson alianzisha Projekt Runeberg mwaka 1992, wakati wengi wetu hatujawahi kuona intaneti, na watu wa kujitolea wamekuwa wakiingiza majarida na vitabu vya zamani ukurasa kwa ukurasa tangu wakati huo. Watu wenye moyo wapo. Lakini wote wanagota ukuta ule ule wakifika karne ya 20.

Na karne hiyo ndiyo iliyojaa. Vecko-Journalen lilianza 1910. Husmodern, gazeti la mama wa nyumbani, lilianza 1917, mwaka wa njaa na mgao, likaendelea hadi 1988. Se, la picha, lilianza 1938 likafa 1981. Jarida la watoto lililoanza 1892 kwa ajili ya shule za msingi, likaitwa Kamratposten kuanzia 1950, bado linatoka. Mapishi ya wakati wa vita, vipande vya kushonea nguo, barua za wasichana wanaoomba ushauri, matangazo ya sabuni: maisha ya taifa zima yamo humo, kwa maneno ya watu wenyewe. Mtaalamu hawezi kuyaeleza upya vizuri kuliko yalivyoandikwa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Ya karatasi inaoza. Chukua gazeti la Olof von Dalin la 1732, Then Swänska Argus. Karatasi yake ilitengenezwa kwa matambara ya nguo, na mpaka leo unaigeuza bila hofu. Kisha chukua la miaka ya 1920. Hilo limetokana na mti uliosagwa, na ndani ya karatasi kuna asidi inayoila polepole. Pembeni imekuwa rangi ya chai kavu. Ukiigeuza haraka, kona inakatika kama jani kavu la mgomba, na ukimaliza kusoma unaacha makombo mezani. Waswidi wanalijua hili. Miaka ya 1990 walichimba mwamba chini ya bustani ya Humlegården, katikati ya Stockholm, wakajenga maghala ya ghorofa tano chini ya ardhi, gizani na kwenye ubaridi. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini ubaridi unachelewesha tu, hauponyi. Na kila msomaji anayelazimishwa kushika karatasi yenyewe, kwa sababu picha yake haipo au haruhusiwi kuiona kwake, anaongeza makombo.

Dawa iko ng'ambo ya mpaka, wala si siri. Maktaba ya Taifa ya Norwe ilianza mwaka 2006 kupiga picha kila ilichonacho. Kwa vitabu vyenye hakimiliki haikwenda kubisha mlango wa kila mwandishi na kila mjane wa mwandishi. Ilikaa na Kopinor, chombo kinachowawakilisha waandishi na wachapishaji, wakafunga mkataba mmoja: maktaba inalipa, na vitabu vilivyotoka Norwe hadi mwaka 2000 vikafunguliwa kwa kila aliye nchini humo. Asiyetaka chake kionekane, anasema, kinaondolewa. Waandishi wa Norwe wanaendelea kuandika na maduka ya vitabu hayajafungwa.

Je, sheria ya Uswidi inakataza? Haikatazi. Tangu Novemba 2013 inaruhusu kwa mapana mikataba ya namna hiyo, ambapo chombo kimoja kinasaini kwa niaba ya wenye haki wote, hata wasio wanachama. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwaka 2019 utaratibu wa kazi ambazo haziuzwi tena madukani, na Uswidi iliuingiza kwenye sheria zake Januari 2023. Nani leo anauza toleo la Husmodern la 1938? Hakuna. Basi utaratibu huo ulitungwa kwa ajili yake hasa.

Wenye haki ni wengi, ndiyo. Picha ina mpigapicha, hadithi ina mwandishi, kibonzo kina mchoraji. Lakini Uswidi tayari ina Bonus Copyright Access, inayokusanya malipo ya nakala zinazotolewa shuleni na kuyagawa kwa wenye haki. Kazi hiyo wanaijua. Na majina mengi ya majarida makubwa yameishia kwenye mikono michache: Bonnier, ambao walinunua kampuni ya Åhlén & Åkerlund yenye Vecko-Journalen mwaka 1929, pamoja na Aller na Egmont kutoka Denmark. Hao wote wanaenea kwenye meza moja ya mkutano. Kuhusu fedha, serikali ya Uswidi imekuwa ikitoa ruzuku kwa magazeti tangu 1971, kwa hoja kwamba raia wanahitaji kusoma. Hoja hiyo haifi gazeti likizeeka.

Na tunasema haya kwa sababu sisi pia tumo kabatini humo. Wamisionari wa Kipentekoste wa Uswidi waliingia mashariki mwa Kongo mwaka 1921, Tanganyika 1932 na Burundi 1935. Walikuwa wakiandika barua nyumbani, na barua hizo pamoja na picha zilichapwa kwenye gazeti lao la kila wiki, Evangelii Härold, zikasomwa na kila familia iliyokuwa ikichangia. Hospitali ya Lemera, alikoanza kazi Dk. Denis Mukwege, ilitokana na misheni hiyo. Maana yake ni kwamba kuna watu wa Uvira, wa Kiremba na wa magharibi mwa Tanzania ambao babu zao wamepigwa picha mbele ya kanisa la udongo au foleni ya zahanati, na picha hizo ziko Stockholm. Zimeandikwa kwa jicho la mgeni, na mengine humo yatatuudhi. Tuyasome, tubishane nayo, tuwataje kwa majina wale ambao maelezo ya picha yaliwaita wenyeji tu. Wazee wanaoweza kuzitambua sura hizo wamebaki wachache, na hawawezi kungoja kufuli la miaka 115.

Wizara ya Utamaduni ya Uswidi iwaite Bonus, Maktaba ya Kifalme na wachapishaji hao watatu. Mwaka 2000 uwekwe kuwa kikomo, kama Norwe walivyoanza. Magazeti ya makanisa na vyama yaombewe ruhusa moja kwa moja kwa wenyewe, maana hayo hayana hata kampuni ya kubembeleza. Na skana zianze na miaka ya 1920, kwenye karatasi zile zinazoacha makombo.