Mtungi Usiokaguliwa Usijazwe

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa ardhini miaka 30 kabla ya kufika Ubungo mwaka 2004 kuzalisha umeme. Bomba la kutoka Mtwara likafuata mwaka 2015. Leo gesi hiyohiyo inaendesha bajaji na daladala za Dar es Salaam, na wengi wa waliofunga mifumo ya gesi kwenye vyombo vyao walipiga hesabu ya mfukoni tu: petroli imewashinda. Hatuna ugomvi na hesabu hiyo. Serikali iliwahimiza, nao wakaitikia.

Ugomvi wetu ni mtungi unaobeba gesi hiyo.

Ndani yake gesi hubanwa hadi takriban mara 200 ya mgandamizo wa kawaida wa hewa. Tairi la gari dogo hubeba mara mbili na ushee. Kila ukijazwa, ukuta wa mtungi hutanuka kidogo. Gesi ikipungua, hurudi. Bajaji ya biashara hupitia hayo siku hadi siku. Ongeza hewa ya chumvi ya pwani na maji yanayotuama chini ya zulia la buti, kutu itaanzia palepale mikanda ya chuma ilipoukumbatia mtungi, mahali ambapo dereva haoni. Ndiyo maana mtungi una umri wake, na ndiyo maana hupimwa kila baada ya miaka michache na mtu mwenye vifaa na leseni, si kwa kugongwagongwa na spana. Na fundi atakayethubutu kufunga mtungi wa gesi ya kupikia, ambao haukutengenezwa kuhimili mgandamizo mkubwa hivyo, ametengeneza bomu. Jina jingine hatuna.

EWURA inasimamia biashara ya gesi, TBS viwango, polisi barabara. Wasitupiane mpira. Mahali pamoja ambapo kila mtungi lazima upite ni kwenye pampu, na hapo ndipo cheti cha ukaguzi kinapaswa kudaiwa, kila mara, bila kujuana.

Tunajua mjazaji yuko kwenye wakati mgumu. Nani atamwambia dereva aliyekesha kwenye foleni kwamba arudi na tangi tupu? Kwa hiyo uchache wa vituo vya kujazia gesi si kero ya muda tu, bali unadhoofisha ukaguzi wenyewe, na waliohamasisha wananchi wabadili magari wanadaiwa vituo kabla ya kuhamasisha wengine. Mjazaji naye apewe mamlaka ya kukataa kwa maandishi, na mwajiri asimwadhibu kwa mauzo aliyokosa.

Na tajiri wa daladala asijifiche nyuma ya usukani wa mtu mwingine. Chombo ni chake, faida ni yake. Gharama ya kupima mtungi aitoe yeye, na siku ambayo gari liko kwa mkaguzi asidai hesabu kwa dereva.