Kabla Hujabomoa Jikoni, Anza na Makabati

Jikoni kuukuu huudhi. Mlango mmoja wa kabati unaning'inia kwa bawaba moja, rangi ya krimu imegeuka manjano kwa mvuke na mafuta, vishikio viwili vimepotea na cha tatu unakishika kwa tahadhari. Halafu unafungua simu, unakutana na picha za jikoni zenye granaiti na taa chini ya makabati, na wazo linaingia: tubomoe yote tuanze upya.

Maoni yetu ni haya: usibomoe bado. Anza na makabati, tumia pesa kidogo uliyo nayo mkononi, na ule ukarabati mkubwa uuwekee akiba mpaka utimie.

Huenda ukashangaa kampuni ya malipo ikikwambia utumie pesa kidogo. Ni kweli, sisi tunapata riziki pesa inapotembea. Lakini mteja aliyebanwa na deni la jikoni mwisho wa mwezi hana raha na simu yake, na hilo halitufaidi sisi wala yeye.

Ukishabomoa, huwezi kusimama katikati

Ukarabati kamili una tabia moja mbaya. Ukitoa makabati, unakuta ukuta wa nyuma hauna vigae. Ukiweka vigae, bomba la sinki linaonekana limechoka. Ukibadilisha bomba, fundi wa stima naye anasema soketi ziko mahali pabaya. Kila mmoja anasema ukweli, na kila mmoja anataka pesa. Wakati huo familia inapikia sebuleni au inanunua chakula nje, na hiyo pia ni gharama ambayo watu wengi hawaiweki kwenye hesabu.

Hapo ndipo mkopo wa simu unapoanza kuonekana mtamu. Tufanye hesabu. Tuseme umekopa shilingi 60,000 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mwezi wa kwanza ada ni shilingi 4,500. Ukishindwa kulipa na ada hiyo ikatozwa tena mara mbili, umetoa shilingi 13,500 kwa miezi mitatu na deni lenyewe la 60,000 bado liko palepale. Kwa jikoni ya kawaida, pesa ya ada peke yake ingetosha kununua rangi, msasa, bawaba na vishikio vipya.

Mkopo wa muda mfupi una kazi yake: mtoto akiugua usiku, au mzigo wa biashara utakaouzwa wiki ijayo. Kabati halileti pesa ya kulipia deni lake. Tunasema wazi, usikope kwa ajili ya sura ya jikoni.

Kagua kabla ya kupaka

Si kila kabati linafaa kuokolewa. Kabla hujatoa hata shilingi, fungua milango yote na uangalie ndani ukiwa na tochi ya simu.

Kama makabati ni ya mbao halisi na hayajapinda, uko salama. Kama ni yale ya unga wa mbao ulioshindiliwa, ambayo mafundi huita chipubodi au MDF, bonyeza sehemu ya chini karibu na sinki. Ikiwa imevimba au inamomonyoka kama mkate uliolowa, maji yameshaingia na rangi haitasaidia. Angalia pia kama kuna vumbi laini au njia za udongo za mchwa. Na kama bomba linavuja, huyo ndiye adui wa kwanza: mlipe fundi wa bomba kabla ya fundi wa rangi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na jikoni ufa wenyewe mara nyingi ni tone la maji.

Kama umepanga nyumba, omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa ujumbe ulioandikwa, si kwa mdomo, na utaje rangi utakayotumia. Siku ya kuhama, ujumbe huo ndio utakaotetea amana yako.

Pesa kidogo inafanya kazi kubwa

Anza na usafi, ambao ni rahisi kuliko yote. Maji ya moto, sabuni ya vyombo na brashi vitatoa mafuta ya miaka. Baada ya hapo kaza skrubu zote. Makabati mengine yanahitaji hivyo tu.

Kisha bawaba na vishikio. Usinunue kishikio kipya kabla ya kupima umbali kati ya matundu mawili ya skrubu, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lingine. Vingi huja vya milimita 96 au 128. Ukipata vinavyolingana na matundu ya zamani, hutahitaji kutoboa mlango wala kuziba tundu. Ukiwa Mombasa, Malindi au Lamu, hewa ya chumvi hula chuma haraka, kwa hiyo uliza bawaba za chuma kisichoshika kutu hata kama bei imepanda kidogo.

Mwisho ni rangi. Fundi mzuri atatoa milango, ataiandika nambari ili kila mmoja urudi mahali pake, atapiga msasa, atapaka andakoti, kisha rangi mara mbili huku akiacha ikauke katikati. Anayetaka kupaka rangi juu ya mafuta bila msasa anakuuzia rangi itakayobambuka kabla mwaka haujaisha. Fomaika inayong'aa inahitaji andakoti maalumu ya kushikilia sehemu laini. Uliza dukani kabla ya kununua.

Usalama usisahaulike. Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo msasa upigwe kwa maji ili vumbi lisiruke, fundi avae barakoa, na watoto wakae mbali. Rangi ya mafuta ina mvuke unaoshika moto: fungua madirisha na usiwashe jiko la gesi kazi ikiendelea.

Jua hesabu ya rangi kabla fundi hajakutajia

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Lita moja ya rangi hufunika takribani mita 10 za mraba kwa mpako mmoja. Tuseme una milango 12, kila mmoja sentimita 40 kwa 70. Mbele na nyuma, mlango mmoja ni karibu nusu mita ya mraba na kidogo. Yote 12 ni kama mita 7. Mipako miwili ni mita 14. Ongeza fremu za nje, na lita mbili za rangi zinatosha. Fundi akikuambia anataka lita nane, hakuna haja ya kugombana naye. Mwonyeshe hesabu na umwombe akueleze zinaenda wapi.

Tenganisha pesa ya vifaa na pesa ya ufundi

Kama ungechukua shauri moja tu kutoka hapa, tungependa liwe hili. Usimtumie fundi pesa ya vifaa kwenye nambari yake. Lipa duka la vifaa vya ujenzi moja kwa moja kwa nambari yao ya Till au Paybill. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuweka PIN, na kama si la duka, simama uulize. Omba risiti yenye orodha, na uhifadhi ule ujumbe wa malipo.

Sababu ni rahisi. Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, unaweza kuomba irudishwe, na ukiwahi kabla haijatolewa una nafasi nzuri. Lakini ukimtumia mtu uliyemkusudia, kisha akakosa kuja kazini, hayo si malipo yaliyokosewa. Ni mapatano yaliyovunjwa, na mfumo hauwezi kuamua nani ana haki. Ndiyo maana fundi wa mtandaoni mwenye picha nzuri anayetaka nusu ya pesa zote kabla hujamwona uso anapaswa kukutia wasiwasi.

Pesa ya ufundi igawe mara tatu. Theluthi ya kwanza milango ikishatolewa, kuoshwa na kupigwa msasa. Theluthi ya pili rangi ikishakamilika. Ya mwisho milango yote ikisharudishwa na wewe mwenyewe umeifungua na kuifunga mmoja mmoja. Andikeni mapatano haya kwenye ujumbe kabla ya kazi kuanza. Na usimpe mtu yeyote simu yako "akusaidie" kulipa, hata kama mikono yako imejaa rangi.

Fundi naye ana haki yake

Tukisema hayo yote, tusimfanye fundi kuwa mwizi. Kuna wateja wanaomaliziwa kazi Ijumaa jioni halafu wanaanza nyimbo za "nitakutumia kesho" na "mtandao unasumbua". Fundi huyo ana nauli, ana kodi, na alikataa kazi nyingine ili aje kwako. Kwa hiyo weka pesa ya ufundi yote kando kabla hajagusa mlango wa kwanza, na mpe nauli ya siku ya kwanza bila kuihesabu kama hisani. Hatua ikikamilika, lipa siku hiyohiyo. Anayelipa hivyo hupata fundi anayerudi bila kusukumwa bawaba ikilegea mwezi ujao.

Je, si kulipa mara mbili?

Wapo watakaosema kwamba kupaka leo na kubomoa baada ya miaka miwili ni kulipa mara mbili. Hoja hiyo ina uzito. Kama una pesa taslimu ya ukarabati wote na makabati yameoza, endelea, bomoa. Lakini wengi wetu hatuko hapo. Tuko mahali ambapo ada ya shule ya Januari iko njiani na pesa ya jikoni ni ile inayobaki.

Kwa mtu wa namna hiyo, matengenezo madogo yananunua muda. Utaishi na jikoni safi, na utagundua unachohitaji kweli: labda si makabati mapya bali droo mbili za sufuria na taa juu ya sinki. Chagua pia vitu vitakavyohama nawe. Vishikio, taa na rafu za kufungua kwa skrubu vinaweza kuhamia kwenye makabati mapya siku ikifika. Hiyo ndiyo njia ya kupunguza hasara.

Fanya hivi wiki hii

Hesabu milango, pima matundu ya vishikio, bonyeza chini ya sinki. Andika jumla ya vifaa na jumla ya ufundi katika mistari miwili tofauti. Kisha fungua akaunti ya akiba ya lengo kwenye simu, uipe jina la jikoni, na uifunge mpaka tarehe unayotaka kuanza. Ukiweka shilingi 100 kila siku, baada ya miezi mitano una shilingi 15,000 zisizodaiwa na mtu.

Pesa hiyo ikitimia, mwite fundi. Kazi hii ndogo ikiisha, usifunge akaunti. Endelea kuweka shilingi 100 zilezile, sasa kwa ajili ya granaiti.