Kunguru kanikumbusha hela za shangazi

Mimi nimerudi Tunduma juzi kutoka Ikinga, kule wilayani Ileje, kwa shangazi. Nimerudi na somo, na mwalimu wangu ni kunguru. Usicheke!

Nilikuwa barazani natafuna nyama, nikamtupia kipande kunguru mmoja, hawa wetu wa bara wenye kizibao cheupe. Nikadhani atakila palepale. Wapi! Alikichomeka chini ya mgomba, akakifunika kwa jani kavu. Kugeuka, akamwona mwenzake juu ya bati anamtazama. Mwenzake aliporuka tu, jamaa akafukua nyama yake, akaenda kuificha nyuma ya choo.

Kumbe wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1998, Nicola Clayton na Anthony Dickinson waliandika juu ya ndege wa buluu wa Marekani, wa ukoo huohuo wa kunguru. Waliwapa mabuu na karanga wafiche. Zikipita saa 4 tu, ndege walifuata mabuu, maana ndiyo matamu. Zikipita siku 5, wale waliokwishajua kwamba mabuu huoza walikwenda kwenye karanga. Yaani ndege anakumbuka kaficha nini, wapi na lini!

Mwaka 2001 Clayton na Nathan Emery wakaja na kali zaidi. Ndege aliyewahi kuiba akiba ya mwenzake, akionekana anaficha, baadaye huihamisha yake. Ambaye hajawahi kuiba hahangaiki.

Hapo nikanywea. Mimi hela yangu naihamisha kila wiki: leo kwenye kiatu, kesho kwenye debe la unga. Mke wangu pochi yake inalala mezani, wazi. Sasa mwizi nyumbani kwetu ni nani?

Nilipokuwa darasa la sita, nilichomoa noti za shangazi chini ya godoro, palepale Ikinga. Fimbo alikula binamu yangu. Mimi nilisimama mlangoni, kimya.

Usiku ule nikamwambia shangazi. Hakushtuka. "Nilijua zamani, baba," akasema. "Nilikuwa nangoja useme. Sasa kamwambie aliyechapwa."

Watu husema kunguru hafugiki. Sawa, lakini kusuta anajua. Jumamosi naenda kwa binamu, na hela mkononi.

Na wewe, msomaji, yako umeificha wapi? Tukutane wiki ijayo.