Dola Isiyo na Dini na Wasemaji wa Waumini

Neno "dola isiyo na dini" limesemwa mara nyingi katika Tanganyika, na baadaye Tanzania, tangu uhuru wa mwaka 1961, hata limekuwa kama salamu: kila mtu huliitikia, na wachache huuliza maana yake. Wako wanaolifasiri kuwa ni dola yenye kuzipiga vita dini. Na wako wanaodhani kuwa dola hiyo haina ruhusa ya kugusa jambo lolote ambalo mwumini analijali. Fasiri zote mbili zina kasoro. Dola isiyo na dini hutawala matendo yanayowahusu raia wote, ikawaachia waumini wenyewe kumchagua atakayewasemea. Huo ndio mpaka, na kwa mpaka huo vitendo vya dola changa havistahili hukumu moja.

Yapimwe mambo matatu. Mwaka 1969 Sheria ya Elimu ilitia mikononi mwa serikali shule zilizoendeshwa na misheni kwa msaada wa fedha za umma. Makanisa yalipoteza, lakini mtoto wa Kiislamu, ambaye mlango wake wa sekondari ulikuwa mwembamba, alipata haki yake. Mwaka 1971 Sheria ya Ndoa iliziweka ndoa zote chini ya sheria moja. Ilimwachia Mwislamu ndoa ya wake wengi, bali ikataka talaka ipitie mahakamani, ili mke asifukuzwe kwa neno la mumewe peke yake. Elimu na ndoa ni mambo ya raia kwa raia. Hapo dola ilikuwa nyumbani mwake.

La tatu ni la Desemba 1968. Serikali ilikipiga marufuku chama cha Waislamu wa Afrika Mashariki kilichojulikana kama EAMWS, kilichoasisiwa mwaka 1945 kwa juhudi za Aga Khan. Na mwezi huo huo, kwa kuungwa mkono na wakuu wa nchi, likazaliwa baraza jipya, BAKWATA. Hapo dola ilivuka mpaka.

Watetezi wa kitendo hicho wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Husema kuwa chama kilikwisha kupasuka, kwamba baadhi ya mikoa ilikuwa imejitenga nacho, na kwamba taifa la miaka saba halikuweza kustahimili mafahali wawili katika zizi moja. Lakini ugomvi wa chama huamuliwa na wanachama wake, au na kadhi, au na hakimu. Aliyeuamua ugomvi huu alikuwa na upendeleo wake, na mwamba ngoma huvutia kwake. Umoja uliopatikana ulikuwa wa muhuri. Shaka ikabaki mioyoni. Tangu hapo baraza hilo, hata liseme la haki, halijakosa watu wa kuuliza kama limesema kwa ajili ya waumini au kwa ajili ya serikali.

Dola yenyewe imetoa ushahidi. Mwaka 1984 Katiba iliongezewa haki za raia, na ndani yake imeandikwa kuwa uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Hata hivyo, miaka 17 baadaye, mwaka 2001, ilitungwa sheria Zanzibar iliyompa Rais wa huko mamlaka ya kumteua Mufti. Watasema masultani nao waliteua makadhi. Ni kweli, lakini sultani hakudai kamwe kuwa dola yake haina dini.

Basi mwenye kulisema neno hilo hana budi kulitimiza. Atoze kodi, afungue shule, amlinde mke na yatima. Bali akifika mlango wa msikiti au wa kanisa kutafuta nani akae mbele, na abishe hodi, angoje jibu, na akikataliwa arudi zake.