Peugeot 504 yenye injini ya Toyota si 504

Leo naweka programu kando kidogo. Nataka kugombana na watu wa magari.

Nawazungumzia wale wanaonunua Peugeot 504 ya zamani, wanang'oa injini na kufunga ya Toyota, wanashonesha viti vya ngozi nyeusi yenye uzi mwekundu, wanakata dashibodi ili skrini ipate kuingia, kisha wanapiga picha na kutangaza kwamba wamelirudisha gari kama lilivyotoka kiwandani.

Hapana, ndugu yangu. Hujalirudisha. Umeunda gari jingine ndani ya bodi ya 504. Gari ni lako na pesa ni zako, sawa. Lakini usituambie ni la asili.

Kwa nini nalichukulia jambo hili kwa uzito? Kwa sababu gari hili lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni yetu. Lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Ove Andersson alishinda Safari Rally na 504 mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena na kupe ya V6 mwaka 1978. Ulaya iliacha kuunda saluni zake mwaka 1983, lakini hapa Kenya 504 ziliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baadaye. Zile ndefu za safu tatu za viti ndizo zilizokuwa matatu ya safari za mbali. Waulize wazee wako walifikaje Nakuru.

Sasa tusikilize utetezi wao. Huwa una hoja tatu.

Ya kwanza: "Injini ilikufa, hakuna njia." Jamani, hebu tuangalie injini yenyewe. XN1 ya 504 ina ujazo wa sentimita 1,971, pistoni za milimita 88, bloku ya chuma na silinda hedi ya alumini. Pistoni hazipandi na kushuka ndani ya bloku moja kwa moja. Zimo ndani ya slivu zinazochomolewa, na maji ya kupoza injini hupita nje ya slivu hizo. Maana yake ni kwamba silinda zikilika, hulazimiki kutupa bloku wala kuichonga. Unachomoa slivu za zamani, unaweka mpya na pistoni zake. Wahandisi waliijenga injini hii ili ifufuliwe!

Tatizo mara nyingi huwa ni haraka. Slivu lazima zichomoze juu ya bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na kimo hicho hupangwa kwa unene wa sili zinazokaa chini yake. Fundi asiyepima, hedi gasketi itaungua tu. Mwingine anatoa silinda hedi kisha anazungusha injini bila kuzibana slivu. Zinainuka, sili zinaharibika, maji yanaingia kwenye oili. Halafu utasikia: "Peugeot hizi ni mbovu, weka Toyota." Mwongozo haukusomwa, lakini mashine ndiyo inayolaumiwa. Sisi wa kompyuta tunaujua ugonjwa huo vizuri.

Hoja ya pili: "Petroli ya siku hizi haina risasi, itaua valvu." Hii ina uzito kiasi. Kenya iliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa 2006, na risasi ile ilikuwa inakinga mahali valvu zinapokalia. Lakini kumbuka silinda hedi ya 504 ni ya alumini, kwa hiyo makalio ya valvu ni pete za chuma zilizopachikwa. Hedi ikiwa tayari iko kwa fundi wa mashine, mwambie aweke pete ngumu zaidi. Ni badiliko dogo, halionekani kwa nje, na injini inabaki ileile. Kati ya hilo na kung'oa injini nzima, pana umbali kama wa Mombasa na Malaba.

Hoja ya tatu ni starehe. "Viti vya zamani vimechakaa, nataka kitu cha kisasa." Ndugu, umewahi kukaa kwenye kiti cha 504 ambacho sponji yake ni nzima? Gari hili lilisifika kwa kulainisha barabara mbovu, na viti vyake ni sehemu ya sifa hiyo. Kilichochakaa ni sponji, kitambaa na reksini, vitu ambavyo fundi wa viti wa jua kali anaviweza. Kosa kubwa ni kutupa vitambaa vya zamani siku ya kwanza. Usivitupe! Vifumuliwe uzi polepole, kila kipande kiwe kielelezo cha kukatia kipya. Ukishavitupa, fundi atakisia, na atakisia kiti cha Prado.

Dashibodi nayo usiikate. Kitambaa unaweza kushona tena mwaka ujao, lakini dashibodi iliyokatwa haina kurudi nyuma. Vivyo hivyo mbao za milango zinazotobolewa kwa ajili ya spika. Na ile feni ya rejeta inayojiunga na kujiachia kwa sumaku ya umeme kufuatana na joto, watu wanaifunga moja kwa moja kwa sababu waya mmoja ulikatika. Tengeneza waya!

Hapa ndipo kazi yangu ya kila siku inanipa kanuni moja. Hugusi programu ya mtu mwingine kabla ya kuweka nakala ya ile ya zamani, na kila badiliko unaliandika. Fanya hivyo na gari. Piga picha kabla ya kufungua bolti ya kwanza. Weka bolti kwenye mifuko yenye majina. Andika kilichobadilishwa, lini na kwa nini. Ukilazimika kuweka kitu kisicho cha asili, kiweke kwa namna ambayo atakayekuja baada yako anaweza kukitoa, na kile cha zamani kihifadhi. Kama injini ya Toyota imeshaingia, basi angalau ile ya 504 usiiuze kwa kilo kama chuma chakavu. Namba yake ndiyo iliyoandikishwa pamoja na gari tangu mwanzo.

Tena kuna jambo linalonihusu kama mtu wa teknolojia. Kwenye 504 mtoto anaweza kufungua boneti na kufuata kwa macho petroli ikitoka kwenye pampu hadi kwenye kabureta, na umeme kutoka distributa hadi kwenye plagi. Magari ya leo yamefungiwa ndani ya kompyuta ambazo mwenye gari haruhusiwi hata kuzichungulia. Mashine chache zimebaki zinazokubali kusomwa na yeyote mwenye spana na subira. Wewe unaing'oa hiyo ili upate nini? Sauti ya gari la jirani?

Toyota ni magari mazuri, sina ugomvi nayo. Ukitaka Toyota, zimejaa mjini, nenda kanunue moja. Hiyo 504 muachie mwenye subira.